Forodhani kwa saa ya maji

Muulize mtu yeyote wa Unguja ni wakati gani mzuri wa kwenda kutembea Forodhani, bustani ya pwani ya Mji Mkongwe, atakwambia jioni. Jibu ni la kweli, ila halijakamilika. Kuna jioni ambayo bahari imejaa mpaka inapiga ukuta, vijana wanachupa na upepo unakuja na ubaridi wa maji. Kuna na jioni nyingine, wiki moja tu baadaye, ambayo maji yameondoka, mawe ya chini ya ukuta yako wazi, mashua zimelalia ubavu mchangani na harufu ya matope inakufuata mpaka kwenye meza za chakula. Mgeni aliyekuja likizo siku tatu anaweza kuikuta ile ya pili na akarudi kwao akisema Forodhani ni pa kawaida. Inasikitisha, kwa sababu kuijua tofauti hiyo mapema hakuhitaji zaidi ya kalenda ya mwezi.

Hesabu yenyewe ni hii. Siku mwezi unapoandama, na tena siku unapopevuka, maji katika bandari ya Zanzibar hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na hujaa tena alfajiri muda kama huo. Hizo ni siku za bamvua, ambazo maji hujaa sana na kupwa sana: kutoka kina cha chini hadi cha juu tofauti huweza kufika mita nne. Kila siku inayofuata, ongeza wastani wa dakika 50. Kwa hiyo siku mbili baada ya kuandama, maji yatajaa karibu na saa kumi na mbili, yaani jua likiwa linaingia baharini. Ukifika mwezi 8 au 9, yaani siku ya nane au ya tisa tangu kuandama, saa ya kujaa imesogea mpaka usiku, na jioni ndipo maji yanapokupwa. Wiki hiyo ni ya maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na bahari mbele ya ukuta huwa kama imechoka.

Ukiwa na jedwali la maji kwenye simu ni rahisi zaidi, ila angalia mambo mawili. La kwanza, majedwali hayo hutumia saa 24, na wengi wetu hukosea hapo: 16:30 ni saa kumi na nusu jioni, 18:00 ni saa kumi na mbili. La pili, usisome saa peke yake, soma na kimo. Kujaa kwa bamvua moja na kujaa kwa bamvua nyingine hakulingani hata kama vyote viwili viko saa kumi na moja. Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huja karibu na mwezi Machi na Septemba, wakati mchana na usiku vinapokaribia kuwa sawa.

Mimi ningeambiwa nichague siku moja tu katika mwezi, ningechukua mwezi 2 au 3. Maji yanajaa jua likichwa, na giza likianza kuingia hilali inaonekana upande wa magharibi, juu ya bahari yenyewe. Watu wengi hutafuta mwezi mpevu, wakidhani ndio utakaopendeza baharini. Lakini mwezi mpevu huchomoza mashariki, na mashariki ya Forodhani ni mji. Utauona ukipanda juu ya Ngome Kongwe, nyuma yako, umeupa mgongo. Unapendeza, lakini juu ya maji hauonekani mpaka usiku umeenda sana.

Njia ninayoizungumzia inaanzia geti la bandari, Malindi, inafuata barabara ya Mizingani pembeni mwa bahari, inapita Forodhani, kisha inazunguka Shangani mpaka upande wa hoteli ya Africa House. Yote haifiki kilomita mbili, na mtu mwenye haraka ataimaliza kwa nusu saa. Itengee saa mbili na nusu. Ukishuka kwenye boti ya Dar es Salaam, usiianze njia hii na mabegi; peleka mizigo kwanza ulikofikia, kwa sababu magurudumu ya begi na mawe ya Mji Mkongwe havipatani, na mtu anayeburuta begi huvuta kila papasi, yaani dalali wa wageni, aliyeko bandarini.

Kuhusu jua: majengo ya Mizingani yanatazama baharini, kaskazini magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yao, kwa hiyo kivuli chao kinaangukia njiani, na mpaka kama saa tatu unaweza kutembea na mtoto bila kofia. Baada ya adhuhuri mambo yanageuka. Jua linapiga nyuso za majengo moja kwa moja na ukuta wa bahari unarudisha joto. Mwenye nia ya kupiga picha za majengo huo ndio wakati wake, kuanzia saa kumi, pale mwanga unapoanza kuwa wa manjano. Asiye na haja ya picha asubiri saa kumi na moja. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo (Mei, Juni, na tena mwanzoni mwa Novemba) na saa kumi na mbili na dakika 45 hivi (Februari). Likishazama mwanga haukai. Ndani ya dakika 25 ni giza.

Viatu ni jambo dogo linaloharibu jioni nyingi. Ndara za mpira zinateleza kwenye mawe yaliyolowa, na kwenye mchanga wa Shangani zinazama. Vaa kiatu chenye mkanda kisigino. Nguo: mabega na magoti yafunikwe, mwanamume na mwanamke. Mji huu ni wa watu wanaoishi, wanaosali na wanaolea watoto papo hapo unapotembea, na suti ya kuogelea nafasi yake ni pwani ya hoteli.

Kuanzia bandarini, jengo la kwanza la kusimama mbele yake ni Dispensari ya Zamani, lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi. Tajiri Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887, mwaka wa jubilei ya Malkia Victoria, lakini alifariki kabla halijakamilika mwaka 1894. Baadaye sakafu ya chini ikawa dispensari, na jina likabaki. Vuka upande wa bahari ndipo ulitazame. Ukiwa chini yake utaona nguzo tu. Ukiwa ukutani unaona ngazi zote za roshani kwa pamoja.

Hatua chache mbele ni Mtini, mti mkubwa uliopandwa mwaka 1911 na Sayyid Khalifa bin Haroub. Kivuli chake ndicho kivuli cha kweli cha mwisho upande huu, kwa hiyo kama umeanza mapema, pumzikia hapa. Boti ndogo za kwenda Changuu na visiwa vya jirani huulizwa papa hapa na kule Forodhani. Ukitaka kwenda kesho asubuhi, panga leo, na uliza kwanza maji yatakuwaje: maji yakipwa utatembea mbali ndani ya maji ya magoti ili kulifikia boti, na kamba za nanga hazionekani.

Sasa ukuta wenyewe. Watu wanaukalia kila siku bila kuufikiria, na unastahili kufikiriwa. Ukuta wa bahari hauangushwi na wimbi la siku moja. Unaharibika polepole kwa maji kuingia kwenye viungio wakati wa kujaa, kisha kutoka wakati wa kupwa yakiwa yamebeba mchanga uliojazwa nyuma yake. Miaka ikipita nyuma ya ukuta panabaki pango, barabara juu yake inatitia, na siku moja kipande kinadidimia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Mizingani mpaka ukuta ukajengwa upya katika miaka ya 2010, na njia pana ya waenda kwa miguu ikapatikana. Kwa hiyo pahala popote unapoona matofali ya njia yametitia au kuna ufa sambamba na bahari, usikae hapo, na usimwache mtoto arukeruke. Kwa kawaida mtu mzima atembee upande wa bahari na mtoto upande wa ndani, kwani si kila sehemu ina kizuizi.

Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, upepo unatoka baharini kuja mjini, na bamvua ikikutana na upepo huo, wimbi linapiga ukuta uliosimama wima na kurukia juu. Simama nyuma mita tatu. Simu na kamera haziogopi maji tu, zinaogopa chumvi inayobaki. Ukirushiwa, futa kwa kitambaa kilicholowanishwa maji matamu kisha kikavu. Wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, kisiwa chenyewe kinakinga upepo na upande huu wa mji bahari huwa tulivu kama bakuli. Huo ndio msimu wa kutembea na wazee. Masika, Machi mpaka Mei, mvua inaweza kukukatizia jioni nzima, na madimbwi ya Mji Mkongwe huficha mashimo.

Kabla ya Forodhani unapita jumba la mfalme, Beit al-Sahel, na baada yake Beit al-Ajaib. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji kutoka kwenye bahari hii unayoitazama. Vita hivyo havikuchukua hata saa moja, na jumba lililokuwa kati ya haya mawili, Beit al-Hukm, halikuinuka tena. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilinusurika mizinga ile. Ikaja kuporomoka sehemu yake, pamoja na mnara wa saa, tarehe 25 Desemba 2020 wakati ikikarabatiwa, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Fuata uzio popote ulipowekwa, hata kama njia imekuwa nyembamba na watu wengine wanapenya. Jengo la mawe ya matumbawe na chokaa likishapasuka haliashirii kabla ya kuanguka.

Forodhani maana yake ni mahali pa forodha. Mizigo ya jahazi ilikuwa ikikaguliwa hapa. Bustani ilitengenezwa katika miaka ya 1930, ikaitwa bustani ya jubilei kwa heshima ya miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa, na ikakarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Mpangilio unaouona leo wa njia, taa na sehemu ya watoto kucheza ni wa ukarabati ule.

Vijana wanaochupa baharini utawakuta pembeni mwa bustani siku za maji kujaa jioni. Tazama vizuri wanavyofanya: hakuna anayedondoka kutoka ukingoni. Wanarudi nyuma, wanakimbia, wanaruka mbele, kwa sababu chini ya ukuta kuna mawe na lazima wayavuke. Wanajua pia lini waache. Maji yakishaanza kupwa, ndani ya muda wa saa mbili kina kinaweza kupungua karibu mita moja siku ya bamvua, na juu maji yanaonekana yaleyale. Mgeni akitaka naye aruke, nasema wazi asiruke. Akilazimisha, basi iwe pale tu walipo wenyeji, kwa wakati wanaoruka wao, na atangulize miguu. Na ngazi za kushukia majini zina mstari wa utando wa kijani. Kuanzia mstari huo kwenda chini ni utelezi hata kama pameshakauka. Ukitaka kupiga picha, omba. Wengi watakubali kwa furaha.

Chakula kinaanza kupangwa kabla ya magharibi, lakini moto haukolei mpaka baada ya sala. Adhana ikilia, wauzaji wengi huenda kusali, kwa hiyo usisimame mezani ukiita. Kaa ukutani robo saa. Ramadhani mchana hakuna kula hadharani, na baada ya futari bustani hujaa kuliko wakati wowote wa mwaka.

Katika vyakula vyote vya hapa mimi huanza na urojo, na ninaamini ndio unaopimia meza. Ule mchuzi ni unga wa ngano uliochanganywa na maji, manjano na ukali wa embe mbichi, ukwaju au ndimu. Ndani yake panaingia viazi, bajia, kachori, mishkaki, chipsi za muhogo, chatini ya nazi na pilipili. Urojo mzuri ni mwepesi, unamiminika. Ukiuona umeganda kama uji, ama unga umezidi au umekaa motoni tangu alasiri. Bajia na chipsi za muhogo zitiwe mwisho, mbele yako. Zikitangulia zinalowa na bakuli zima linakuwa na ladha moja. Omba pilipili pembeni ujitilie mwenyewe.

Piza ya Zanzibar ni ndugu wa mantabali, haina uhusiano na Italia. Donge la unga laini linatandazwa mpaka unaona mkono kupitia kwake, kipande kidogo kinawekwa katikati kuzuia lisitoboke, halafu nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili boga, mayonezi, jibini na yai, vinavurugwa papo hapo na kukunjwa pembe nne. Kosa la kawaida ni moto mkali: nje inaiva kwa haraka na yai la ndani linabaki bichi. Mwambie muuzaji aigeuze mara mbili na akandamize katikati. Kikitoka kimiminika cha yai, bado.

Vitu vya baharini ndivyo vinavyohitaji macho. Pweza, ngisi na kamba wengi hapa huwa wamechemshwa au kuchomwa mara moja mchana, na jioni wanapashwa moto tu. Kwa pweza si kosa, kwa kuwa bila kuchemshwa hatafuniki. Shida ni kile kilichobaki tangu jana. Nenda mapema, saa moja mpaka saa mbili usiku, meza iliyo na watu wengi na makaa mekundu, na chagua kipande kisichokuwa na kingo kavu zilizopinda. Harufu iwe ya bahari, isiwe ya amonia. Omba kiachwe motoni mpaka katikati kiwe cha moto kabisa. Na kabla hakijaenda motoni, bei. Usiulize bei ya mshikaki mmoja ukaishia hapo. Mwambie "nipigie hesabu yote kwanza," pamoja na chapati, chipsi na kinywaji. Ugomvi mwingi wa Forodhani unatokana na sahani iliyojazwa kwa ukarimu bila kutajwa bei, kisha jumla ikatajwa chakula kikiwa tumboni. Beba noti ndogo, za elfu moja, elfu mbili na elfu tano.

Juisi ya miwa ikamuliwe ukiwepo, pamoja na ndimu na tangawizi. Muwa ukishakamuliwa, juisi hugeuka rangi kuwa ya kahawia haraka na utamu wake unabadilika, kwa hiyo iliyokwisha kujazwa kwenye jagi usiichukue. Tumbo lako kama si la kuzoea, iombe bila barafu.

Papasi watakufuata. Salamu kwanza, kisha "ahsante, natembea tu," na uendelee na mwendo wako uleule. Kusimama kueleza ndiko kunakofungua mazungumzo.

Kutoka Forodhani kwenda Shangani kuna njia mbili, na hapa maji ndiyo yanayoamua. Maji yakiwa yamepwa unaweza kushuka mchangani na kupita mbele ya mahoteli, ukiangalia kamba za mashua, vioo na mawe yenye viumbe wa baharini wenye miiba. Maji yakiwa yanajaa, usijaribu. Mchanga unakuwa mwembamba, na utajikuta kati ya ukuta wa hoteli na wimbi. Basi pita barabarani, chini ya jengo la iliyokuwa nyumba ya mayatima, lile ambalo barabara imepenya tumboni mwake, kisha fuata Shangani mpaka uwanja wa Kelele na Africa House. Huku pwani inatazama magharibi moja kwa moja. Desemba na Januari, jua linapozama kusini zaidi, ni bora kuliko Forodhani. Anza safari yako mapema ili ufike Shangani jua likichwa, halafu urudi Forodhani kula.

Kurudi usiku, usipite mchangani hata kama maji yamepwa na mwezi unaangaza. Mchanga hauna taa, na njia za kupandia ni chache. Barabara ya Kenyatta ina maduka na watu mpaka usiku. Kama umefikia ndani ya vichochoro, pita njia hiyohiyo mara moja mchana kabla ya kuipita usiku, na hesabu kona. Ramani ya simu hupotea kati ya kuta hizi ndefu, na misikiti na milango ya kuchonga ndiyo alama za kushika.